Nimelia nusu saa kisa zipu, anti hivi mimi ni dhaifu?

Shikamoo anti,

Nimekuwa nasoma safu yako muda mrefu kimyakimya, sikuwahi kuwaza na mimi ntakuja kuandika maana naonaga matatizo ya wenzangu humu ni makubwa, yangu hata nikiyaeleza naona aibu. Lakini juzi kimetokea kitu nikaona bora nikiseme tu kwa mtu ambaye hatuonani uso kwa uso.

Mi ni mama wa watoto 2, nina miaka 36, kazi yangu ni ya ofisini. Juzi asubuhi nilikuwa najiandaa, nishachelewa kidogo, navaa gauni ambalo zipu yake iko mgongoni. Nikaivuta, ikafika katikati ikang'ata kitambaa cha ndani. Juu haiendi, chini hairudi. Mikono imechoka, jasho linanitoka, simu inaita juu ya meza na najua ni ofisini, saa nayo naiona inakimbia. Anti sijui nikwambieje, nilijikuta nimekaa sakafuni, nimeegemea kitanda, gauni limefika mabegani mgongo uko wazi, nalia. Sio machozi ya kujifuta, hapana, kulia kwa sauti mpaka kwikwi, kama nusu saa hivi. Binti yangu wa miaka 8 akaja akasimama mlangoni na begi lake la shule akaniuliza, "Mama, nani kafa?" Nikamwambia hajafa mtu, zipu tu imekwama. Akaniangalia. Afu akaja nyuma yangu, akaishusha kidogo, akakitoa kile kitambaa kwa kucha taratibu, zipu ikapanda. Haikufika hata dakika. Nikaenda kazini macho yamevimba nasema nina aleji.

Sasa sio zipu peke yake. Wiki iliyopita printa ya ofisini iligoma nikaenda kujifungia chooni. Kabla ya hapo nilimfokea mwanangu mdogo kwa sababu ya chaja ya simu, nikamfokea vile ambavyo hata mimi mwenyewe nilijiogopa. Ofisini mwenzangu aliacha kazi mwaka jana, majukumu yake nikapewa mimi "kwa muda", na muda wenyewe ndo huu hauishi. Juzijuzi bosi akaniambia mbele ya watu eti mbona siku hizi umekuwa laini hivi, zamani si ulikuwa chuma. Watu wakacheka na mimi nikacheka. Baba yetu alifariki miezi 8 iliyopita lakini hilo nishalizoea, mi ndo nilisimamia kila kitu na sikuyumba. Ndo maana sielewi, makubwa nimeyabeba, vidogo ndo vinaniangusha, sasa huo si udhaifu?

Nina dada yangu mkubwa, yeye ni jiwe. Sijawahi kuona chozi lake, hata kwenye msiba hakulia. Nikimpigia ananiambia jikaze, we mtu mzima. Mume wangu yupo na hana neno ila kazi yake ni ya kusafiri, wiki 2 yupo wiki 2 hayupo, na akiwepo sitaki kumchosha na habari za zipu.

Nimejaribu kujirekebisha. Niliangalia video mtandaoni za jinsi ya kuwa imara, wakasema uamke saa 11 alfajiri, uoge maji ya baridi, uandike vitu 10 vya kushukuru, ufanye mazoezi, utafakari, uache simu. Nikaanza vyote siku moja. Siku ya 5 nikaamka saa 1 nimechelewa, nikaacha vyote, na sasa nina kitu kingine cha kujilaumu.

Naomba nisaidie anti. Hivi kuna watu wanazaliwa na huo uimara na sisi wengine tumenyimwa? Kama unajengwa, nianzie wapi mtu kama mimi ambaye sina muda? Ila tafadhali usiniambie nijikaze.

Ni mimi,
Chuma Kilicholainika

*

Marahaba mwanangu Chuma,

Barua yako nimeisoma mara 3. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikahesabu nani kapewa mistari mingapi. Zipu ina aya nzima tena ndefu, mpaka kucha za mtoto nimeziona. Baba yako kapata sentensi 1, na hiyo sentensi moja ukaipiga "lakini" katikati ili ipite haraka nisiione. Nimeiona. Mtoto wa miaka 8 kasimama mlangoni kauliza nani kafa, we ukamwambia hajafa mtu.

Mwanangu, kuna mtu kafa. Miezi 8 iliyopita.

Sasa sikuagulii kwa mbali hapa, siwezi kusema kila chozi lako ni la baba, mengine ni ya uchovu na mengine ni ya huyo bosi wako. Ila swali lako kwamba makubwa umeyabeba mbona vidogo vinakuangusha, jibu lake sio udhaifu. Jambo kubwa likitokea mwili unasimama wote, mapigo yanapanda, homoni za stresi, adrenalini na kotisoli, zinamwagika, mtu hasikii njaa wala usingizi, anapanga, anapiga simu, anapokea watu. Tena siku ile kila mtu anajua una nini, unapewa pole, unashikwa mkono, hata ofisini hakuna anayekuuliza ripoti iko wapi. Baadaye watu wanarudi kwao, homoni zinashuka, na mzigo unabaki pale pale ulipokuwa ila sasa umebaki nao peke yako. Afu zipu inakwama. Hakuna mtu anakuja kukupa pole ya zipu.

Mi mwenyewe mwaka niliopunguzwa kazi, siku ya kupewa barua nilitoka nimenyoosha mgongo, nikawaaga wote mmoja mmoja, nikatania na mlinzi getini. Wiki 3 baadaye nikalia kwa sababu kifuniko cha kalamu kimepotea. Kalamu yenyewe haikuwa na wino.

Haya, swali la kuzaliwa nayo. Kulikuwa na mwanasaikolojia akiitwa Emmy Werner, yeye na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 kwenye kisiwa cha Kauai huko Hawaii, wakawafuata tangu tumboni mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Baadhi yao walikulia kwenye shida za kila aina, umaskini, ugomvi wa wazazi, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Katika hao wa mazingira magumu, kama theluthi moja hivi walikua vizuri tu, wakawa watu wazima wenye kazi zao na familia zao. Walipotafuta hao wamepona na nini, ni kweli kuna kipande cha kuzaliwa nacho, wengine tangu wachanga walikuwa wepesi kutabasamu na kupendwa. Sikufichi hilo. Lakini kitu kingine kilichojirudia ni kwamba mtoto alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika, na sio lazima awe mzazi, inaweza ikawa bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Na mi ninachokipenda zaidi kwenye utafiti ule ni kwamba hata wengi wa waliovurugikiwa wakiwa vijana, walipofika miaka ya 30 na 40 walikuwa wameshajipanga upya, mwingine kwa kurudi shule, mwingine kwa ndoa nzuri, mwingine kwa imani. Yani mlango haukufungwa walipofika 18. Wewe una 36.

Kwa hiyo hukunyimwa kitu. Ila angalia ulichoniandikia kuhusu watu wako. Mume hutaki kumchosha. Dada anakwambia jikaze. Ofisini umesema una aleji. Mtoto umemwambia zipu. Watu 4 wote umewafungia mlango, afu unakuja kumuuliza mtu wa tano, tena kwa maandishi na jina la bandia, kwamba mbona unachoka.

Hili la watu sio maneno ya kutiana moyo tu. Mwaka 2006 mtafiti James Coan na wenzake waliwaweka wanawake 16 walioolewa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaambia mnaweza kupigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Mwanamke akiwa peke yake, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zinawaka. Akishikwa mkono na mtu asiyemjua, zinapungua kidogo. Akishikwa na mumewe zinapungua zaidi, na kadiri ndoa inavyokuwa na maelewano ndivyo zinavyozidi kutulia. Na hapo shoti ni ile ile na mume haongei chochote, kashika mkono tu. Sasa wewe unasubiri nini kumwambia wa kwako kwamba wiki ulizokuwa peke yako zimekushinda? Mwambie kwa simu hata akiwa safari. Usianze na zipu, anza na "nimemkumbuka baba leo".

Dada yako sasa. Hapa nataka uende taratibu maana unaweza ukawa unamwonea. Kuna profesa George Bonanno wa Chuo Kikuu cha Columbia, kazi yake miaka mingi ni kuangalia watu waliofiwa na waliopatwa na majanga, na alichokikuta kiliwashangaza wengi, kwamba watu wengi baada ya msiba wanaendelea na maisha bila kuvunjika, na sio kwamba wanajificha, wako hivyo kweli. Yeye na Dacher Keltner mwaka 1997 waliandika kuhusu watu waliofiwa na wenza wao, wakakuta wale waliocheka kicheko cha kweli wakati wanamwongelea marehemu walikuwa na maumivu kidogo kuliko wasiocheka. Kwa hiyo kutolia kwa dada yako sio lazima iwe unafiki, na kulia kwako sio lazima iwe ugonjwa. Kila mtu ana mlango wake wa kutokea. Ila pia inawezekana jiwe lako linalia usiku. Hujui, kwa sababu hujamuuliza, mnapigiana simu we unamlalamikia printa na yeye anakwambia jikaze. Safari hii mpigie umwambie hivi, "Dada, leo sitaki unishauri, nataka unisimulie kitu kimoja cha baba ambacho mi sikijui." Afu nyamaza umwache. Yeye kamfahamu baba miaka mingi kabla yako, ana vitu huna.

Tuje kazini, na hapa ntakuwa mkali kidogo. Kuna watu wakisikia neno ustahimilivu wanaelewa kwamba ni uwezo wa kupigwa bila kupiga kelele. Mabosi ndo wanaipenda sana maana hiyo. We unafanya kazi ya watu 2 kwa mshahara wa mtu 1 tangu mwaka jana, afu anayekupa hizo kazi anashangaa umekuwa laini! Hapo hakuna zoezi la kupumua litakalokusaidia mwanangu, hapo panatakiwa hesabu. Chukua karatasi leo jioni, andika kila kazi unayoifanya kwa wiki na masaa inayokula, za kwako na za aliyeondoka, zote. Usiandike kwa hasira, andika kama mtu wa stoo. Kesho kutwa omba dakika 15 na bosi mkiwa wawili, sio mbele ya watu, mpe hiyo karatasi na umwambie, "Kazi hizi ni 14, masaa niliyonayo yanatosha 9. Naomba unichagulie 5 zipi zisubiri au apewe nani." Usiseme umechoka. Usiseme samahani. Ukisema umechoka ataongelea tabia yako, ukimpa orodha ataongelea orodha. Anaweza akakataa, mabosi wapo wa kila namna. Hata akikataa utakuwa umejua unasimama wapi, na kujua hivyo ndo mwanzo wa kuangalia milango mingine.

Kwa nini nakusukuma huko. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walifanya majaribio na mbwa (majaribio ya kikatili, siku hizi nadhani wasingeruhusiwa), mbwa waliopigwa shoti bila njia ya kuizuia, baadaye walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuruka kizuizi kidogo wakaokoka, wengi hawakujaribu, walilala tu. Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba mbwa wale walijifunza kushindwa. Mwaka 2016 wenyewe wawili wakarudi wakasema tulikosea upande, kukata tamaa hakufundishwi, ndo hali ya kawaida ya ubongo shida ikiwa ndefu. Kinachofundishwa ni kule kujua kwamba nikifanya hiki kitu kinabadilika. Hiyo ndo inabidi ubongo uonyeshwe, na unaonyeshwa kwa vitu, hauonyeshwi kwa maneno ya ukutani. Ndo maana karatasi ya kazi 14, hata ikifanikiwa nusu, ina thamani kuliko vitu 10 vya kushukuru.

Na hizo video zako. Mtu kafiwa, analala masaa machache, anafanya kazi ya wawili, anaambiwa aamke saa 11 alfajiri amwagiwe maji ya baridi? Nani kakukosea hivyo? We umeshindwa ratiba ya mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza video za kuamka mapema. Achana nayo kabisa bila hatia. Kama ni usingizi, mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi, na sijui unalala ngapi kwa sababu hukuniambia, ila barua yako imenifikia saa 8 usiku. Kwa hiyo najua.

Badala ya ratiba nzima mi nakupa vitu 2 tu. Cha kwanza ni cha asubuhi zako. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu akipanga kwa namna ya "ikitokea hivi, basi nafanya hivi" anatekeleza mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Ubongo ukiwa na stresi hauna nafasi ya kufikiria, unahitaji ukute jibu lishawekwa mezani. Kwa hiyo jiwekee moja tu, kwa mfano, kitu kikikwama mikononi mwangu basi nakiachia, natoa pumzi ndefu mara 6, afu naita mtu. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta kunapunguza mapigo ya moyo, hicho ni kitu cha mwili tu hakihitaji imani wala mkeka. Lakini sehemu muhimu kwenye hiyo sentensi ni ile ya mwisho, naita mtu. Maana juzi simu ilikuwa inaita mezani, mtoto yuko chumba cha pili, na hukuita. Kaja mwenyewe kwa sababu ya sauti.

Cha pili ni cha usiku, na hiki ni cha baba. Jioni 4 zinazofuatana, watoto wakilala, kaa na daftari dakika 15 uandike kuhusu yeye na hiyo siku uliyosimamia kila kitu bila kuyumba. Mwanasaikolojia James Pennebaker alianza kuwaandikisha wanafunzi hivi miaka ya 80, utafiti wake wa kwanza ulitoka mwaka 1986, dakika 15 kwa siku 4, kuhusu jambo zito kuliko yote maishani mwao, na walioandika hisia zao pamoja na tukio lenyewe walienda zahanati ya chuo mara chache zaidi miezi iliyofuata. Sio dawa ya kila mtu, na nakwambia mapema ukimaliza jioni ya kwanza unaweza ukajisikia vibaya zaidi, hiyo ni kawaida. Usijali herufi, usijali mpangilio, hakuna atakayesoma, ukimaliza hata uchane. Ila kuwe na kwenda mbele. Ukiona jioni ya 3 unaandika sentensi zile zile za jioni ya 1, kwa nini mimi kwa nini mimi, hapo unazunguka, na kuzunguka kunaumiza. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema aliwahi kukuta kwamba wanafunzi waliokuwa na tabia ya kuzungusha mawazo kabla ya lile tetemeko la California la mwaka 1989 ndo waliokuwa na huzuni zaidi baada yake. Ikifika hapo funga daftari, nenda ukaongee na mtu.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Kama kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, huna raha na kitu chochote, usingizi umekataa au unalala kupita kiasi, hamu ya kula imebadilika, unajiona huna thamani, nenda kwa daktari au mshauri nasaha, mwambie hivyo hivyo bila kuremba. Na kama kuna wakati umewaza bora usiwepo, usisubiri wiki 2 wala jibu langu jingine, mwambie mume wako leo na muende hospitali leo. Sisemi uko huko. Barua yako ina utani ndani yake, hilo limenipa moyo, ila nimeshasoma barua zenye utani zilizokuwa na mengine chini yake.

Kuhusu ulivyomfokea yule mdogo kwa ajili ya chaja. Muombe msamaha, sentensi 1, "nilikufokea, chaja haikuwa kosa lako, mama alikuwa amechoka". Basi. Usimpe zawadi na usijieleze mpaka yeye ndo aanze kukubembeleza.

Yule mkubwa ndo nataka umrudie, sio kwa sababu kafanya kosa, kwa sababu aliuliza swali la maana na hakujibiwa. Watoto wa miaka 8 wanajua kifo ni nini, na wanajua mtu mzima hawezi kulia vile kwa zipu. Ukimwambia ni zipu anajifunza kwamba mama akilia hatakiwi kuulizwa, na siku moja atakuwa na miaka 36 amekaa sakafuni. Kaa naye leo usiku akiwa kitandani, taa ikiwa imezimwa ni rahisi zaidi, umwambie, "Siku ile uliniuliza nani kafa. Nilikuwa namlilia babu." Usiongeze kitu. Inawezekana na yeye ana miezi 8 anasubiri ruhusa ya kumtaja.

Afu hilo gauni lipeleke kwa fundi abadilishe zipu, usilivae tena hivyo hivyo. Na ukishaongea na dada yako niandikie, nataka kujua kakusimulia nini.

Anti